Mwinga Ndege Ndiye Mlinzi wa Ndege

Ukimwambia mkulima wa Mngeta kwamba ndege wanahitaji kulindwa, atakuuliza kwanza: ndege yupi? Swali lake ni la haki. Tangu mpunga unapoanza kuingia maziwa hadi siku unapopurwa, kaya hupokezana zamu shambani kuanzia alfajiri mpaka magharibi. Mmoja yuko juu ya dungu na kombeo mkononi, mwingine anagonga debe, na juu ya majaruba zimevutwa kamba zenye vitambaa, mifuko na mikanda ya kaseti za zamani inayovuma upepo ukipita. Anayesinzia kidogo tu huamka akakuta masuke yamebaki makapi. Mtu huyo humwendei na mahubiri ya kuwapenda ndege akakusikiliza.

Hata hivyo, hakuna anayewajua ndege wa bonde hili kumshinda yeye. Msimu mmoja wa kuwinga ndege ni shule. Anajua kundi lipi linakuja kula nafaka na lipi linafuata panzi. Anajua kwamba mwewe akizunguka juu, shamba hutulia bila jiwe kurushwa. Anajua mnana amejenga wapi, yangeyange wanalala mti gani, na ni saa ngapi jioni makundi hurudi kwenye matete. Ndege wa Mngeta wakija kulindwa, atakayewalinda ni huyu mwenye kombeo, wala si mgeni mwenye darubini anayeshinda Ifakara wiki moja halafu akapanda basi la Morogoro. Na mengi anayotakiwa kuyafanya yako jirani kabisa na kazi anayoifanya tayari.

Kwa msomaji asiyeijua, Mngeta iko kusini-magharibi mwa Ifakara, kwenye barabara na reli ya TAZARA ziendazo Mlimba. Upande mmoja imesimama safu ya milima ya Udzungwa. Upande wa pili ardhi inateremka taratibu hadi Mto Kilombero na mbuga zake zinazofurika kila masika. Hapa ndipo lilipo lile shamba kubwa la mpunga la zaidi ya hekta 5,800, lililoanza miaka ya 1980 kwa ubia wa Tanzania na Korea Kaskazini, na kulizunguka ni majaruba ya wakulima wadogo wa Mchombe, Njage, Mkangawalo na vijiji vingine. Mwaka 2002 bonde la mafuriko la Kilombero, hekta 796,735, liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Yaani mpunga na ndege wa maji wanagombea udongo uleule, na wote wawili wana hoja.

Tuanze na adui, maana asipotajwa hakuna atakayeendelea kusoma. Kwelea kwelea, yule mdogo mwenye mdomo mwekundu, ni hasara tupu mpunga unapokuwa shambani. Ndege mmoja hula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku, kiasi ambacho hata kuku angekidharau. Lakini kwelea haji mmoja. Kundi la milioni moja, ambalo kwa ndege huyu si ajabu, humaliza tani 10 kwa siku, na kombeo hapo halina msaada. Ndipo inapoitwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, kuja kunyunyizia sumu kwa eropleni au droni, jioni, kwelea wanapokuwa wamerudi kulala.

Siwezi kumwambia mkulima aliyekopa mbegu na mbolea kwamba akatae kunyunyiziwa. Ninachoweza kusema ni kwamba mengi yanaamuliwa kabla ndege ya sumu haijaruka, na yanaamuliwa na wakulima wenyewe. Shamba linaloiva peke yake, wiki mbili kabla ya majirani au wiki mbili baada yao, ndilo linalobeba kundi zima. Wakulima wa mbuga moja wakipanda kwa pamoja, wakaivisha kwa pamoja, hasara hugawanyika na siku za kuwinga hupungua. Wazee walilijua hilo kabla ya maafisa ugani. Tulilisahau kila mtu alipoanza kukodi trekta kwa zamu yake na mbegu za muda mfupi kuchanganyika na mbegu ya Supa ya muda mrefu. Palizi nayo ni kinga, kwa sababu shamba lenye majani ya porini yanayozaa mbegu humwita kwelea mapema, na akishazoea njia haachi. Kubwa zaidi ni taarifa. Anayerudi nyumbani jioni na kuona makundi yakishuka kila siku kwenye matete yaleyale ana habari yenye thamani kwa bwana shamba na kwa mtendaji wa kijiji. Kundi likipatikana mapema, mahali linapolala panajulikana sawasawa, na sumu inayohitajika ni kidogo, inapigwa sehemu moja tu. Likichelewa, linapigwa mahali pengi na kwa haraka.

Sumu inayotumika zaidi kwa kwelea katika Afrika ni fenthioni. Hupenya kwenye ngozi na kushambulia mishipa ya fahamu, na kwake mdomo mwekundu na mweusi ni mamoja. Bundi aliyekuwa kwenye mti huohuo hufa. Mwewe na marabu wanaokuja asubuhi kuokota kwelea waliolegea hufa baadaye, mbali, bila mtu kuwaona. Na wapo binadamu wanaookota. Kwelea waliokufa kwa sumu wametapakaa chini, kitoweo cha bure, na mama mwenye watoto watano anaanza kukusanya kwenye beseni. Hapa lazima kusema bila kuzunguka: ndege aliyenyunyiziwa haliwi, hata akioshwa, hata akikaangwa mpaka akakauka. Anayewazuia jirani zake wasiokote huko analinda watu na ndege kwa mkupuo mmoja, kwa sababu mizoga ikikusanywa na kufukiwa chini ya usimamizi wa wataalamu, bundi na mwewe nao hawataifikia.

Wanaotaka kuwala kwelea, basi wawale kabla ya sumu. Kondoa, mkoani Dodoma, watu wamewatega kwelea kwa miaka mingi kwa vikapu na nyavu, wakala na wakauza. Hilo ni jambo ambalo bonde la Kilombero lingeweza kujifunza na likapata nyama badala ya harufu ya dawa. Sharti ni moja tu. Wavu haujui kwelea ni yupi, kwa hiyo anayetega akae karibu, na mdiria, mbayuwayu au chozi akinasa, atolewe taratibu na kuachwa aende zake. Na kwa kuwa Ifakara ni mji uliolea utafiti wa malaria na vyandarua kwa miongo mingi, niseme pia kwamba chandarua chenye dawa ni cha kitandani. Kukitandaza juu ya kitalu ni kuwafunga ndege, kuua wadudu wasiokusudiwa na kumwachia mbu mtoto wako.

Sumu haina jina la ndege

Iko sumu nyingine, ndogo, ya dukani, na hii inanitisha kuliko ile ya TPHPA kwa sababu haina mtu wa kuisimamia. Katika skimu ya mpunga ya Bunyala, magharibi mwa Kenya, wawindaji walikuwa wakitia karbofurani, dawa ya kuua wadudu iliyojulikana kwa jina la Furadan, ndani ya konokono na kuwatawanya majarubani. Korongo wanaokula konokono, wale ambao midomo yao haifungi katikati, wakila huanguka. Wengine walikamatwa wakiwa hai na kufungwa shambani kuwa chambo cha kuwavuta wenzao. Nyama yao iliuzwa, ikaliwa na watu.

Korongo wa aina hiyohiyo wako Kilombero, katika mabwawa na majaruba yetu, na midomo yao yenye mwanya ni chombo cha kumtoa konokono kwenye gamba lake. Mkulima wa mpunga anapaswa kuwakaribisha. Huko Mwea, Kenya, konokono mgeni kutoka Amerika ya Kusini aligunduliwa mwaka 2020 na tangu hapo amekuwa balaa kwa mpunga mchanga. Nchini Thailand, ambako konokono huyohuyo alitangulia, korongo wa jamii hii ndiye anayemshambulia zaidi. Sisi bado hatujapata balaa hilo. Likifika, afadhali litukute bado tuna korongo.

Kwa hiyo ukisikia mtu ametia dawa kwenye mpunga, dagaa au konokono ili apate bata na korongo wa kuuza, hilo si suala la kunong'ona. Nunua dawa kwa muuzaji aliyesajiliwa, itumie kwa kilichoandikwa kwenye lebo, kopo tupu usilitupe mtoni wala usilifanye la kunywea kuku. Nyama ya ndege wa porini inayopitishwa nyumba kwa nyumba bila maelezo ya alikouawa, usiinunue. Soko likifa, na mtego unakufa.

Ndege wa kwetu tu

Mwaka 1990 ulimwengu wa sayansi ulitangaziwa ndege mpya: mnana wa Kilombero, *Ploceus burnieri*. Waliomwelezea ni Neil na Liz Baker, ambao wamefanya kazi ya miaka mingi ya kuchora ramani ya ndege wa Tanzania. Dume ana manyoya ya njano na barakoa nyeusi usoni. Anasuka kiota chake kwenye matete na majani marefu yaliyosimama majini, kando ya Mto Kilombero na katika mbuga zake. Nje ya bonde hili hayuko mahali pengine popote duniani, na katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini ametiwa miongoni mwa wanaotishiwa kutoweka.

Hayuko peke yake. Mwaka 2021 walitangazwa ndege wengine wawili wa bonde hilihili, wadogo, wa kahawia, wanaojificha majanini na kujulikana zaidi kwa sauti kuliko kwa sura. Mmoja alipewa jina la akina Baker, *Cisticola bakerorum*. Mwenzake anaitwa *Cisticola anderseni*. Wataalamu walikuwa wakiwasikia tangu miaka ya 1980, na zaidi ya miongo mitatu ikapita kabla hawajapata jina rasmi. Huku mbugani, bila shaka, walikuwa wakisikika kila siku na watu waliokuwa na mambo mengine ya kuwaza.

Milimani nako kuna kisa ambacho hunichekesha na kunisikitisha kwa pamoja. Kwale wa Udzungwa, ambaye ukoo wake wa karibu uko Asia, aligunduliwa mwaka 1991 baada ya watafiti kutoka Denmark waliopiga kambi katika msitu wa Ndundulu kuona miguu ya ndege wasiyemfahamu ndani ya sufuria ya mchuzi. Waliowapikia walikuwa wakimla siku zote. Sayansi ilimkuta mezani.

Na kisa kisichochekesha kabisa kiko jirani zaidi, Kihansi, upande wa Mlimba. Chura mdogo wa manjano aliyeishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya Kihansi tu aligunduliwa mwaka 1996, wakati ujenzi wa mtambo wa umeme wa megawati 180 ukiendelea. Maji yalipogeuzwa, manyunyu yakapungua, ugonjwa wa ukungu nao ukaingia, na mwaka 2009 chura huyo akatangazwa kuwa ametoweka porini. Waliokuwa wamehifadhiwa katika bustani za wanyama za Marekani ndio waliorudishwa nyumbani miaka ya baadaye. Hakuna bustani yoyote ya wanyama inayotufugia akiba ya mnana wa Kilombero. Akiba yake ni matete.

Matete hayo yana ulinzi wa sheria ambao wengi wetu tumewahi kuusikia na wachache tunaufuata. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Mita 60 ni hatua kama 80 za mtu mzima. Ukitembea kando ya mito inayoshuka kutoka Udzungwa kwenda Kilombero utaona mahindi, nyanya na mboga zimefika mpaka majini. Najua sababu. Kiangazi bustani inataka maji, na ndoo ina uzito. Nani amlaumu mama anayemwagilia mchicha mahali anapoweza kufikia?

Lakini kati ya kufuata sheria yote na kuivunja yote kuna mengi yanayowezekana. Ukanda wa matete ukiachwa, hata kama si mita 60 kamili tangu mwaka wa kwanza, unashika ukingo usimomonyoke na kumeza shamba lako, unawapa samaki mahali pa kuzalia, na unabaki kuwa nyumba ya mnana. Mbayuwayu wanaotoka Ulaya karibu na Septemba na kuondoka Aprili hulala humohumo kwa mamia, wakishakula mbu na nzi wetu mchana kutwa. Anayekata matete ya ua au ya kuezekea akate upande huu mwaka huu na upande ule mwaka ujao. Kabla ya kutia panga atazame ndani. Viota vya mnana vinaonekana, vimening'inia kati ya mabua, na vikiwa na makinda makelele yake hayajifichi. Kungoja wiki tatu hakumwangushii mtu paa.

Ng'ombe ni habari ndefu katika bonde hili, na ina machungu yake ambayo makala haya hayawezi kuyamaliza. Nitasema dogo tu: kundi linaloteremka mtoni kwa njia moja linakanyaga matete ya njia moja. Kundi linaloteremka popote linafuta ukingo wote. Kijiji kinachokubaliana na wafugaji wake juu ya njia ya kunyweshea kimeokoa viota vingi bila kumnyima ng'ombe yeyote maji.

Wavuvi nao wana lao. Kiangazi mto unaposhuka, mchanga mweupe hujitokeza katikati, na hapo ndipo zinapopigwa kambi. Hapohapo ndipo anapotaga ndege mmoja wa ajabu ambaye mdomo wake wa chini ni mrefu kuliko wa juu, anayeruka chinichini akichana uso wa maji kutafuta samaki. Mayai yake yako juu ya mchanga, hayana kiota, na rangi yake ni ya mchanga. Mvuvi akiona ndege wanampigia kelele na kuzunguka juu ya kichwa chake, ajue amesimama karibu na mayai, asogeze kambi upande mwingine wa kichanga na azuie mbwa. Nyavu kuukuu na nyuzi za ndoana zisiachwe mateteni. Mdiria anayezama kuwinda akinasa kwenye uzi wa nailoni hana njia ya kujitoa.

Kisha moto. Miezi ya Septemba na Oktoba, ukiwa barabarani kwenda Mlimba usiku, milima na mbuga huonekana vimezungushiwa mistari myekundu. Moto huo husafisha shamba, humtoa panya, huotesha majani mabichi ya mifugo, na mara nyingi huwa umewashwa na mtu ambaye ameshakwenda kulala. Moto wa mapema, Juni au Julai majani yakiwa bado na unyevu kidogo, huwa mpole na huacha viraka. Wa mwisho wa kiangazi hula mpaka mizizi ya matete na vichaka vya mabondeni ambako kanga na kwale wangekimbilia. Anayelazimika kuchoma mabua achimbe njia ya moto kwanza, achome asubuhi na mapema pasipo upepo, aite majirani, na aanzie upande mmoja ili walio ndani wapate pa kutokea. Akizungushia moto pande zote, ametega.

Nyumbani

Vitabu vya Wazungu kuhusu kulinda ndege wa mtaani husema sana juu ya vioo vya madirisha na paka. Kwao ni haki: huko Marekani pekee inakadiriwa vioo vya majengo huua ndege kati ya milioni 365 na karibu bilioni moja kila mwaka. Mngeta vioo ni vichache, na paka hana muda, ana panya wa ghalani. Kwetu hatari ya nyumbani iko kwingine, na nusu yake iko vichwani mwetu.

Bundi akilia juu ya paa, kesho yake mti unakatwa au jiwe linarushwa, maana ametumwa, ameleta msiba. Sitabishana na imani ya mtu juu ya kifo. Nitabishana naye juu ya panya. Panya shamba huchimbua mbegu mara tu zinapopandwa, humalizia ghalani, na mvua zikiwa nzuri huzaana kwa kasi inayotisha. Ndiyo maana Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kina kituo kizima kinachomchunguza. Bundi peke yake hawezi kumaliza mlipuko wa panya, lakini kila usiku anafanya kazi ambayo wewe ungelipa pesa dukani, na makinda yake yanapokua yanameza panya mmoja baada ya mwingine. Anayeweka sumu ya panya aokote waliokufa na kuwafukia, la sivyo bundi atawala na yeye atakufa. Akitaka msaada wa bundi asimike mti mkavu wenye tawi la kukalia kando ya shamba. Ni hilo tu.

Fundichuma, ambaye kiota chake kikubwa cha vijiti huonekana toka mbali, amenusurika kwa upande wa pili wa imani hizohizo: watu wanaogopa kumgusa, wakiamini anayembomolea nyumba hupata balaa. Hofu hiyo imemlinda kuliko sheria nyingi. Mumbi naye, kwa vile sauti yake huhusishwa na mvua, mahali pengi hauawi. Babu na bibi wanaowaeleza wajukuu hadithi hizi wanafanya uhifadhi, hata kama hawajawahi kuuita hivyo.

Hondohondo hutaka mti mzee. Jike huingia kwenye shimo la mti, mlango ukazibwa kwa udongo ukabaki upenyo mwembamba, na dume humletea chakula kupitia hapo majuma mengi mpaka makinda yakue. Mtu akikata mkuyu mkongwe wenye shimo kwa ajili ya mkaa huku dume likirukaruka na tunda mdomoni, ameua familia nzima asiyoiona. Na hondohondo ni mpanzi: hula matunda ya msituni, akaruka kilomita kadhaa, akaangusha mbegu. Mti mmoja mzee kwenye kiwanja cha shule au makaburini, ukiachwa hata ukishakauka, unatosha kwa hondohondo, kigogota, kwa bundi tuliyemtaja na hata kwa nyuki. Miembe na mizambarau ya uani, maua ya chozi, sufuria pana ya maji kivulini kiangazi: hayo kila mtu anayaweza na hayahitaji maelezo marefu.

Wabaki watoto na manati. Mtoto aliye kwenye dungu yuko kazini, na jiwe lake linatisha kuliko linavyoua. Tatizo ni likizo, mpunga umeshavunwa, manati bado iko shingoni na mikono haina shughuli. Ndipo wanapoangushwa chozi na tetere, na viota vya mwembeni kuteremshwa kwa mti mrefu. Kumpokonya manati ni kumfundisha kuificha. Kumpa kazi nyingine ya macho yaleyale kuna faida zaidi. Mwalimu mwenye daftari moja tu anaweza kuwapa wanafunzi jukumu la kuandika: leo tumeona nini, wangapi, wapi, walikuwa wanafanya nini, na babu anamwitaje kwa Kindamba, Kipogoro, Kihehe au Kibena. Klabu za Malihai shuleni zilianzishwa kwa kazi za namna hii. Mwenye simu anaweza kurekodi sauti na kuiweka eBird, programu ya bure ya Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani, au kupeleka taarifa kwa Atlasi ya Ndege wa Tanzania. Nchi ina zaidi ya aina 1,100 za ndege, na wanaowaandika ni wachache, wengi wao wako mijini na kwenye hifadhi za kaskazini. Kumbukumbu ya Machi kutoka Mngeta, barabara ikiwa tope na hakuna mgeni anayefika, ina thamani ambayo kijana aliyeituma huenda asiijue. Wiki ambayo kijana huyo ataona makundi ya mdomo mwekundu yakipita kila jioni kuelekea matete fulani, kumbukumbu hiyohiyo itawafaa baba na mama yake kabla masuke hayajaingia maziwa.

Yaliyobaki hayawezi kufanywa na kaya moja. Kwa sheria za serikali za mitaa mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu, na kijiji kina uwezo wa kutunga sheria ndogo zake. Mkutano wa Juni, mpunga unapokuwa uwanjani na mabua hayajakauka, ndio wenye wakati mzuri wa kupanga tarehe ya mwisho ya kuchoma, njia ya ng'ombe kwenda mtoni, sehemu ya ukingo ambayo matete hayatakatwa mwaka huu, wiki ya kupanda kwa kila mbuga, na namba ya simu ya kupiga kwelea wakionekana wamelala. Waitwe na wale vijana wa kwenye dungu, maana wao ndio watakaoulizwa matete yapi.